Milimita Sitini na Nane

Kilo kumi na nane, bila kuhesabu kiti.
Kiti kilikuwa cha daktari wa meno wa Trstená;
zahanati ilipofungwa Vendelín alikileta kwa trekta
hadi nyuma ya banda la nguruwe,
akaifunga juu yake darubini ya macho mawili,
mitutu miwili ya chuma, rangi ya jeshi,
iliyoundwa kuvizia ndege za watu wengine.
Aliipata kwa kubadilisha na ndama.
Otília hakumsamehe ndama yule.

Majira arobaini ya baridi
alimsikia mumewe akitoka saa nane za usiku
na blanketi, na chupa ya chai, na kofia ya manyoya,
akirudi alfajiri, miguu barafu,
akimgusa nayo chini ya shuka na kusema:
"Leo hakuna kitu."
Alikuwa akiitafuta nyota yenye mkia
ambayo hakuna jicho lililoitangulia.
Kuna moja aliyoikosa kwa siku mbili tu.
Siku ile alipasua kuni mpaka giza likamfukuza.

Alikufa wakati wa viazi,
mkono mmoja ndani ya gunia.

Novemba akaja mnunuzi kutoka Brno,
Hynek, glovu nzuri, sauti ya hospitali.
Aliomba kuijaribu kwanza. Anga lilikuwa safi,
mwezi mwembamba umekaa juu ya misonobari.
"Ngoja," Otília akasema,
"mimi mwenyewe sijaitazama hata mara moja."

Akakaa. Ngozi ya kiti ilikuwa na shimo
la kiuno kisicho chake.
Jicho la kushoto likapata mwezi, la kulia giza tupu.
Akasogeza kichwa: la kulia likapata,
la kushoto likapofuka.
"Imeharibika."
"Haijaharibika, mama. Imepimwa kwa mtu.
Soma namba hapo katikati: sitini na nane.
Ndio upana wa marehemu, mboni kwa mboni.
Wewe nadhani ni sitini na moja."

Alijua saizi ya kiatu chake, ya shingo,
jino lipi lilimsumbua kila Pasaka.
Miaka arobaini na minne kwenye mto mmoja,
na upana huu hakuujua.

Akatafuta penseli ya fundi mfukoni mwa aproni,
akaandika 68 kwenye ubao wa banda,
pale Vendelín alipoandika tarehe za nguruwe kuzaa.
Ndipo akaibana, polepole,
kama mtu anayefunga mlango wa mtoto aliyelala.

Mduara ukaingia ndani ya mduara.
Na mwezi, ambao maisha yote ulikuwa kipande cha ukucha,
ukawa na tumbo, ukawa na mgongo,
ukaning'inia bila kamba.
Otília akashika mkono wa kiti
kama aliyesikia sindano inakuja.

Kisha akaelekeza mashariki.
Kile sisi watu wa jembe tunachokiita Kilimia,
kwao ni Vifaranga.
Mama yake aliwahesabu sita, siku njema saba.
Kumbe walikuwa wakianguliwa muda wote huo:
themanini, mia, weupe wenye chembe ya buluu,
na hakuna mama kuku popote.
Pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo;
akafuta kwa kidole gumba kinachonuka vitunguu.
Hynek alifumba macho kwa uchungu.

Alingoja mpaka magoti yakafa ganzi.
"Bei ni ile ile?"
"Bei ni ndama," alijibu bila kuinua kichwa.
"Na ndama mwenyewe ni yule yule."

Hynek akarudi Brno na gunia la viazi.

Sasa hutoka peke yake. Hatafuti mkia wowote.
Akimaliza, huipanua tena
mpaka sitini na nane,
huifunika kwa koti la Vendelín, hufunga vifungo vyote.

Usiku mmoja wa Machi, theluji ikidondoka kutoka paani
vipande kwa vipande,
alisahau kuipanua.
Alikumbuka akiwa kitandani,
miguu barafu, akiinyoosha kwa mazoea
kuelekea upande ule.